Waltz na Mama Mkwe

"Kabla mahindi hayajavunwa, Kitale nzima itakuwa inacheza waltz, na Bungoma itakuja kwangu ikiomba!"

Hayo Mukhwana aliyatamka kwa maikrofoni ya kanisa katika kijiji cha Kwanza, karibu na Kitale, siku ya harambee, ndani ya suti nyeupe iliyomkaa kama foronya kwenye godoro. Watu walipiga makofi. Watu wa Kwanza ni waungwana, wanaweza kumpigia makofi hata mtu anayetangaza kwamba ataoa mwezi.

Shida ni kwamba Kagwe pia alikuwepo. Kagwe ana duka la mbolea mjini Kitale, na juu ya duka kuna chumba kirefu chenye sakafu ya mbao, ambacho Mukhwana alikigeuza darasa la densi. Kesho yake Kagwe alipanda ngazi polepole, akaangalia wanafunzi watano na kioo chenye ufa.

"Mwalimu, si ulisema kabla ya mavuno?"

"Nilisema, mzee."

"Basi sawa. Mavuno yakifika kama hapa hapajajaa watu, mimi nitapajaza mahindi."

Mukhwana alicheka mbele ya mzee. Nyumbani hakucheka. Alishajaribu kuuza simu, akajaribu kufuga kuku, na hakuna kilichomshika isipokuwa densi. Aliipata Nairobi akiwa mhudumu wa hoteli. Mwalimu wa densi wa pale alikosa wanafunzi wa kike, akamshika Mukhwana kiuno na kumfundisha hatua zote kwa upande wa mwanamke. Ndiyo maana mpaka leo hurudi nyuma vizuri kuliko anavyoenda mbele.

Alifundisha kwa mambo ya kwetu. Waltz, alisema, unatembea kama mtu aliyebeba uji moto kwenye sufuria isiyo na kifuniko: unainuka, unashuka, uji usimwagike. Cha-cha ni kuvuka stendi ya Kitale baada ya mvua. Tango ni mume na mke waliogombana wakiwa ugenini: mmeshikana karibu sana, na kila mmoja anageuza shingo ghafla kana kwamba ameitwa. Rumba ndiyo ilimtesa, kwa sababu kila mtu alidhani anaijua ile ya Kongo.

"Mwarimu, hii rumba yako gitaa iko wapi?" aliuliza Wilkista, muuza mitumba. "Ni kama mtu ameangusha hereni kwa zulia, anaitafuta na kiuno."

Lakini sheria moja aliiweka juu ya zote. Kwenye waltz, uliyemshika humtazami usoni. Unatazama mbali, juu ya bega lake, kama mtu anayeangalia ng'ombe wake wasiingie shamba la jirani.

Mwezi wa tisa, mwanafunzi wake Chepngeno aliolewa Bungoma, akamwomba mwalimu awachezeshe wageni waltz. Mukhwana alijua hiyo ndiyo nafasi iliyobaki. Wageni wakipenda, darasa litajaa, na Kagwe atatafuta ghala kwingine.

"Mama atakuwepo," mkewe Nasambu alimwonya. "Bwana harusi ni mtoto wa dada yake."

"Yeye atakaa na kina mama. Mimi nitakaa na maikrofoni."

Kwetu mama mkwe haguswi. Tangu aoe, Mukhwana akimwona mama mkwe wake, Mama Phelista, kwa mbali kwenye barabara ya Kamukuywa, alikuwa anaingia kwenye mahindi ya mtu mpaka apite.

Siku ya harusi aliwapanga wanaume duara la nje, wanawake la ndani. Filimbi ikilia, kila mwanamke anasogea kwa mwanamume anayefuata. Wageni walifurahi ajabu. Hata Mama Phelista, kuona mkwe yuko mbali katikati na maikrofoni yake, alikubali kuvutwa na wenzake. Ndipo mzee mmoja akashika goti, akatoka kwenda kukaa, na duara likabaki na pengo.

Mwalimu mzuri haachi pengo. Mukhwana alimwachia kijana mmoja maikrofoni na filimbi, akaingia, shingo wima, macho kwenye hema la wapishi. Filimbi ikalia, akampokea mmoja. Ikalia tena, akapokea mwingine, aliyekuja naye macho mbali kama alivyoagizwa, na huyu alikuwa wa ajabu. Mwepesi! Kila Mukhwana akisogea mbele, yeye alikuwa amesharudi nyuma. Moyoni alisema, huyu lazima nimpate darasani.

"Mama, unacheza vizuri sana," alimnong'oneza, macho bado kwa wapishi. "Legeza kiuno tu."

Mama Phelista hakuwa anacheza. Alikuwa anatoroka. Na sauti haikutoka, maana hata kusema na mkwe kwa karibu hivyo ni aibu.

"Yesu wangu!" mtu akapiga kelele. "Si huyo ni mama ya Nasambu?"

Muziki ukazimwa. Mukhwana akatazama uso wa yule aliyemshika.

Mama Phelista aliondoka bila kula. Nasambu alimfuata kumtuliza, na hajarudi. Baba mkwe alituma neno: aletwe kondoo, wazee wakae, waondoe hiyo aibu. Mukhwana alikubali mara moja. Lakini wazee wako shambani, ni mavuno, hakuna wa kukaa.

Darasani hakuja mtu. Alimfuata Wilkista sokoni.

"Mwarimu, wewe si mbaya," Wilkista alisema. "Lakini hapa kila mtu ni mkwe wa mtu. Ukipuliza hiyo filimbi, mimi najuaje nitaangukia nani?"

"Tutacheza bila kubadilishana."

"Na hata hatuangaliani? Hapana, bana."

Alirudi, akasimama peke yake mbele ya kioo, mikono juu, amemshika mtu ambaye hayupo. Alikuwa bado amesimama hivyo gunia la kwanza lilipopandishwa ngazi.

"Sogea kidogo, mwalimu," Kagwe alisema kwa upole. "Sakafu nzuri hii. Haina unyevu."

Jioni Mukhwana alimpelekea Wilkista viatu vyake vya densi. Wilkista aligeuza soli, akaisugua kwa kidole.

"Ngozi laini hivi? Tope la Kitale litaila kwa siku moja."

"Waambie ni vya kanisa."

Wilkista akavining'iniza kati ya viatu vya shule na gambuti za mpira. Bei, shilingi mia mbili hamsini.