Zamu ya Kupika Makande

Mwalimu Vumilia hakuajiriwa kupika makande. Aliajiriwa kufundisha, na darasa la pili ndilo lake tangu ahamishwe kutoka Muheza kuja huku milimani, katika shule moja juu ya Lushoto. Watoto wanakuja wakiongea Kishambaa kitupu, yeye anawatoa hapo hadi wanasoma Kiswahili bila kukwama. Thubutu uiite kazi ya mchezo!

Ndipo akaja mkuu mpya, Mwalimu Kristian, na homa yake ya kubana matumizi. Akamwachisha kazi mpishi, Mama Idrisa. "Walimu si mpo? Mtapika kwa zamu." Kubana matumizi, eti! Unamtua mmoja mzigo unamtwisha mwenzake, halafu unataka upigiwe makofi. Na mahindi na maharage ya makande hayana haraka na mtu. Ukiwa wa zamu, asubuhi yote imekwenda, darasa umemwachia kiranja.

Walimu wengine walinung'unika chini chini. Vumilia alishindwa kunyamaza, maana upimaji wa darasa la pili ulikuwa unakaribia na mwanafunzi wake Mwanamisi bado alikuwa anakwama kusoma. Mtoto huyo alishakariri darasa mara moja. Baba yake, mkulima wa kabichi, alikuwa ameapa: akifeli tena, shule basi.

Siku ya zamu yake, Vumilia akaingia ofisini.

"Mkuu, mrudishe Mama Idrisa. Nimeongea na wazazi, watamlipa kwa mahindi na viazi."

"Mwalimu, leo wageni wanatoka wilayani kuja kuona tulivyookoa fedha. Nenda kapike."

"Umeokoa fedha, au umewaibia watoto vipindi?"

Mkuu akamwonyesha mlango. Vumilia akalipita jiko, akaingia darasani, akafundisha hadi koo likamkauka. Saa ya chakula ikafika, wageni wamekaa, sufuria halina kitu. Mkuu akaja mbio, tai imekaa upande.

"Makande yako wapi?"

"Niko kazini, mkuu. Kazi niliyoajiriwa."

Watoto walirudi nyumbani na njaa, na hilo lilimuuma Vumilia hata akalia chooni. Kesho yake Mama Idrisa akaitwa kazini. Ala! Muhula mzima watoto walikosa vipindi, hakuna aliyeshtuka. Wageni wakakosa makande siku moja tu, mpishi akarudi.

Lakini vipindi vilivyopotea havikurudi. Upimaji ulipofanyika, Mwanamisi akafeli.

Vumilia akateremka mwenyewe bondeni hadi kwenye shamba la kabichi, viatu vimejaa udongo.

"Habari za kazi, Baba Mwanamisi. Mtoto hana kosa. Kosa ni letu sisi walimu. Naomba umrudishe."

"Walimu wenyewe mlikuwa jikoni," akajibu yule baba, wala hakuacha kupalilia. "Mimi nimrudishe kwa nani?"

Nyuma ya baba yake, Mwanamisi alikuwa ameinamia kabichi, jembe mkononi, na hakumwamkia mwalimu wake.