Mjukuu wa Ngano

Mlinzi wa kitalu cha vioo anamjua mama wa ngano, mtafiti wa mbegu humo ndani, kwa kazi ya mikono yake. Kibano chake cha kushikia maua, mama huyo hukichomeka kwenye nywele, kisha huzunguka akikitafuta. Akikipata, hubana pumzi, hulipaka ua la ngano chavua ya nyasi mwitu, ndugu wa ngano wa porini, na kulifunika kwa kifuko cha karatasi. "Haya bibi harusi, usinitie aibu," hulinong'oneza. Watoto wa ndoa hizo hukua warefu, wana afya tele, lakini masuke yao huwa matupu. Msimu huu wasipozaa, watang'olewa. Kila asubuhi huyaminya masuke kwa kidole gumba, akiimba puani.

"Shemeji, hao tasa. Wape mbuzi," mlinzi humtania.

"Mbuzi ni wewe."

Jana wimbo ulikatika ghafla. "Shemeji, njoo uguse hapa. Polepole!"

Mlinzi akagusa suke. Ndani mna kitu kidogo, kigumu. "Jiwe?"

"Jiwe babu yako! Mjukuu huyo!" Akacheka mpaka kibano kikamdondoka kichwani.

Jioni mlinzi alifunga mlango, akaondoka, akarudi kukijaribu kitasa. Ndani mna kichanga, bwana.