Aliniambia Kifunguo Kinajua Kidole Changu Tu

Admin, jina langu lifiche. La huyu kijana nimelificha mwenyewe, ingawa hastahili. Mimi ni nyanya wa miaka sitini na nane, naishi Kisumu Ndogo, Kibera, nauza omena, wale dagaa wa ziwani. Shule sikuingia hata siku moja. Jirani ndiye anaandika vile nasema, na nimemwambia asipunguze makali. Nyinyi mnaosoma hapa wote ni wajukuu wangu, kwa hivyo kaeni mnisikie.

Ploti yetu, vyumba vya mabati tunavyopanga, ilichomwa. Mama Brayo, tunayepakana mlango kwa mlango, alimwona mlinzi wa mwenye ploti akimwaga petroli. Tukapigilia mabati upya, tukapata wakili, mama mmoja mzuri, akasema ushahidi wetu uende kwa barua pepe zilizofungwa, zile mtu akizidaka njiani anaona takataka ya herufi tu. Kuzifungua kunataka vitu viwili: namba ya siri, na kifunguo kidogo kama kucha cha kuchomeka kwa kompyuta. Kina mama wa ploti wakasema kifunguo kikae na mimi, kwa sababu kitu kikiingia kifuani mwangu hakuna mwanaume wa kukitoa.

Aliyetutengenezea hayo yote ni Ochi. Mamake alipokufa, huyu alikula kwangu mpaka akaota ndevu. Mpaka leo ananiita Dani, vile Wajaluo tunaita nyanya. Kompyuta ilikataa kukiona kifunguo, akachomoa, akakifuta kwa shati, akachomeka upande ule mwingine, ikakubali. Taa ikaanza kukonyeza.

"Dani, weka kidole hapo."

Nikamwambia mashine huwa zinakikataa kidole changu. Nimefua nguo za watu mtaa wa Olympic miaka mingi mpaka alama zikaisha. Hata kitambulisho nilizungushwa sana. Nikagusa. Barua ikafunguka. Nililia, sitawaficha. Ochi akacheka. "Umeona? Hiki kinajua kidole chako tu. Mwingine akiguse mpaka kesho, kitanyamaza."

Siku hiyo aliniachia chake pia. Alikuwa na viwili, pacha, vya barua zake mwenyewe. Kimoja anatembea nacho, cha pili akakitia kwa mkebe wangu, akaninong'oneza namba yake. "Nikisahau utanikumbusha. Wewe ndio benki yangu, Dani."

Baadaye akarudi akasema cha kina mama kimeingia jasho, akisafishe. Nikampa. Namba anaijua, ndiye aliyeiweka, lakini bila kidole changu si ni kipande cha chuma tu? Kesho yake akakirudisha, akala samaki, akaenda.

Wiki hiyo hiyo vijana wa mwenye ploti walikuja kwa Mama Brayo wakang'oa mabati juu ya watoto wakinywa uji. Mmoja akatoa simu akamsomea ushahidi wake, neno kwa neno, yale maneno yalikuwa ndani ya barua iliyofungwa. Mama Brayo aliniangalia mimi. Afadhali angenitemea mate.

Nikaenda kwa wakili nikimwambia haiwezekani, kidole ninacho hapa. Akachomeka kifunguo, nikabonyeza namba, taa ikakonyeza, akakigusa yeye, kwa kifundo cha kidole. Barua ikafunguka.

"Mama, hiki hakijui kidole cha mtu. Kinataka tu kuguswa. Nani alikudanganya?"

Ochi siku hizi anaishi Kawangware, nyumba ya mawe, maji ndani. Jana alinipigia, sauti ya asali. Kile anachotembea nacho alikibadilishia namba, akaisahau, akakosea mara tatu kikajifunga. Akajaribu ile namba kubwa ya kukifungulia, akakosea tena mara tatu, kikafa kabisa. Barua zake zote zimekwama ndani.

"Dani, si pacha yake bado iko? Nakuja Jumapili baada ya kanisa. Nipikie ile omena yako."

"Njoo, mwanangu. Njoo na njaa."

Hajui kama najua.

Mkebe uko hapa mapajani. Moyo wangu unataka hivi: aje, ale, ashibe. Kisha nikichomeke mbele yake nibonyeze namba za uongo pole pole, mara tatu, na tatu tena, mpaka nacho kife, nikimwangalia machoni. Akilia nitamwongezea ugali. Lakini wakili amenikataza kukigusa. Anasema barua alizoandikiana na mwenye ploti ziko kati ya hizo zilizokwama, na ataomba mahakama iamuru zifunguliwe. Kikifa, zimekufa nacho. Kwa hivyo Jumapili nikae naye meza moja, nicheke, nimwambie mkebe umepotea? Sijui kama uso wangu utaweza. Akishtuka, atatoroka.

Mama Brayo analala kwangu na watoto wake. Sasa hivi yuko mlangoni anachambua hiyo omena ya Jumapili. Nilimuuliza yeye kwanza, ni haki yake. Hakuinua kichwa. "Usikiue, mama. Nataka asomewe maneno yake mbele ya watu, neno kwa neno, vile mimi nilisomewa."

Nimemsikia. Lakini mikono inaniwasha. Wajukuu wangu, niambieni, Jumapili akininyooshea mkono, nimpe nini? Na wewe unayekuja kuniambia nisamehe, lala kwanza usiku mmoja bila mabati, halafu urudi tuongee.