Sakafu ya Uani ya Bi Pindo

Mtaani walimwita Bi Pindo kwa sababu alishona sare za shule miaka thelathini, na mtoto angeweza kuichana suruali nzima pindo likabaki pale pale. Mwaka alioamua kujenga sakafu ya uani kwa mikono yake alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti mazima, na hasira.

Hasira ilitokana na kuanguka kwa mumewe, dereva wa lori aliyestaafu. Alikuwa anatoka mlango wa nyuma kwenda kuota jua, akajikwaa kwenye kitofali kilichoinuka, akavunjika nyonga. Vitofali hivyo vilipangwa miaka mitatu nyuma na mdogo wa mume huyo, fundi mwashi mwenye sifa zake. Shemeji huyo alivilaza juu ya mchanga wa unene wa kiganja kimoja, na chini ya mchanga kulikuwa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ule mvua ikinyesha huvimba kama unga uliotiwa hamira. Kiangazi hunywea na kupasuka nyufa za kuingia kidole. Haukupita muda ua mzima ulikuwa mabonde na vilima.

Mume aliporudi kutoka hospitali na mkongojo, Bi Pindo hakuita fundi. Aling'oa vitofali vyote, akavipanga kando ya ukuta, akapiga vigingi na kuvuta uzi.

Shemeji alikuja siku ya tatu, akasimama na mikono kiunoni. "Shemeji, hiyo si gauni. Kazi hii ina wenyewe."

"Wenyewe tumewaona," alijibu bila kuinua kichwa. "Ningekuwa nashona kama unavyojenga, mji mzima ungetembea uchi."

Mgonjwa alicheka mpaka akashika nyonga. Shemeji naye alicheka, ila kicheko cha upande mmoja.

Kiangazi kile udongo ulikuwa chuma. Sururu iligonga ikadunda. Bi Pindo akajifunza kuumwagia maji jioni na kuchimba asubuhi, kabla jua halijaukausha tena. Alichimba mpaka kina cha mkono hadi kiwiko, akausomba udongo kwa toroli na kuumwaga pembeni mwa ua. Mumewe alikaa mlangoni kwenye kiti akisimamia. "Uzi umelegea kushoto," angesema, na kweli ungekuwa umelegea. Wiki mbili mikono ilimtoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu ujana.

Kisha mvua ikanyesha nje ya msimu, mchana mmoja tu, lakini ya kumwaga. Shimo likajaa. Kesho yake maji yalikuwepo, keshokutwa yalikuwepo, hayakupungua hata ukucha.

"Samaki unaleta lini?" shemeji aliuliza akichungulia juu ya uzio.

Bi Pindo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akayatazama yale maji, na kwa mara ya kwanza akawaza kwamba labda ameingilia kazi ya watu.

Mumewe akamwita kutoka mlangoni. "Mama, lori likizama matopeni hatugombani na mvua. Tunatafuta maji yatokee wapi."

Akaona kosa lake. Mfinyanzi haunywi maji. Alikuwa amechimba bakuli. Siku ile ile alianza mtaro kutoka kona ya chini ya shimo hadi mfereji wa nje ya uzio. Akachukua bomba la plastiki, akalitoboa matundu kwa msumari wa moto, akalilaza mtaroni na kulifunika kwa kokoto. Maji ya shimo yalipoanza kutoka upande wa pili, alipiga makofi peke yake.

Likabaki swali la kokoto za kujaza shimo. Ukizimwaga juu ya mfinyanzi mbichi, huzama kidogo kidogo hadi zimezwe. Hapo cherehani ikaingia kazini. Alifumua magunia ya nailoni, yale yanayopitisha maji, akayaunganisha kwa mshono wa mara mbili yakawa shuka moja la kuenea shimo zima. Akalitandika, akamwaga kokoto tabaka kwa tabaka, na kila tabaka akalishindilia kwa kopo zito lililojazwa zege, lenye mpini wa bomba. Juu akaweka mchanga, akausawazisha kwa ubao. Hakuuacha bapa kabisa: kila mita moja ulishuka sentimita mbili, kuelekea mbali na nyumba. Vitofali vikalala juu yake mstari kwa mstari, kingo zikashikwa na zege ili zisitawanyike, na mchanga mkavu ukafagiliwa kwenye viungo.

Masika yalifika na hayakubembeleza. Siku ya nne ya mvua shemeji alikuja na pimamaji lake la kupimia usawa, bila kusema amefuata nini. Aliliweka hapa, akaliweka pale, akapiga magoti na kugonga vitofali kwa kifundo cha kidole. Hakuna kilichocheza. Ng'ambo ya uzio bomba lilikuwa linatiririka.

"Hapa chini umetia nini?" aliuliza.

Bi Pindo akamweleza habari ya shuka, mshono wake na upana wake. Shemeji alisikiliza bila mzaha. "Nina mteja, ardhi yake ni hii hii," alisema mwishowe. "Utanishonea?"

"Lete vipimo," alisema Bi Pindo. "Na ukachimbe hadi kiwiko. Cha kwako, si cha mtoto."

Mvua ilipokatika, mumewe alitoka mlango wa nyuma na mkongojo wake, akatembea hadi mwisho wa sakafu, akageuka, akarudi. Hakuna aliyemshika mkono. Kisha akaomba kiti chake kihamishiwe nje.