Gari la Mkaa la Ihanda

Mkaa wenye unyevu ukianza kushika moto, ile harufu yake hunirudisha Ihanda, miaka ya vita kuu ya pili, petroli ilipoadimika hata Wazungu wakaonekana juu ya baiskeli. Baba Yohana, jirani yetu mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa na gari lililotembea kwa moshi wa mkaa. Msicheke, nililiona. Nyuma lilibeba pipa la chuma lenye moto, na bomba lake lilipita ubavuni hadi kwenye injini, likaziba mlango wa kulia, wa dereva. Kwa hiyo Baba Yohana akitaka kushuka, abiria wote walishuka kwanza.

Bibi, aliyemzaa mama, hakulipenda. "Likishakula mkaa wote," alisema, "sisi tutapikia nini?"

Asubuhi moja mama alikuwa na uchungu tangu jana yake. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya misheni. Baba alikuwa kazini ng'ambo ya mpaka. Bibi akaenda mwenyewe kwa Baba Yohana.

"Mwanangu, washa hilo jiko lako."

Tulingoja moto ukolee kama watu wanaongojea maharage, mama akiuma pindo la kanga. Kisha tukaondoka, mimi nimebanwa katikati kwa kuwa nyumbani hapakubaki mtu.

Mlimani gari lilikohoa, likasimama.

"Nguvu imeisha, mama," Baba Yohana alimwambia Bibi. "Lisiposukumwa litarudi nyuma."

Bibi alishuka akapiga yowe. Wanawake waliokuwa wakipalilia wakaja mbio na majembe yao. Bibi alisukuma pale penye pipa, viganja vikiungua, huku akisema, "Usiniache, Rebeka. Twende, Rebeka."

Nikamvuta nguo. "Bibi, mama anaitwa Elena."

Hakunisikia.

Tulifika. Mdogo wangu alizaliwa jioni ile, mzima, na mama akapona. Bibi alifungwa bandeji mikono yote miwili. Nikamlisha uji siku nyingi, naye akilalamika kuwa nauharakisha.

Nilidhani moshi ulimchanganya. Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe mama aliponieleza kwamba Rebeka alikuwa dada yake mkubwa. Naye alipatwa na uchungu mgumu, wanaume wakampandisha mlima uleule kwa machela, Bibi akitembea ubavuni amemshika mkono. Walipokaribia juu mkono ule ukapoa, na Bibi ndiye aliyewaambia wageuze, warudi nyumbani.