Jina Letu Kutoka Ayalandi

Jina la ukoo wetu si la Kisukuma. Ni la mtu wa Ayalandi, na kwetu Samuye hakuna aliyeliona la ajabu, kwa kuwa tulizaliwa tukalikuta. Mwalimu alipoliita darasani niliitikia kama wenzangu walivyoitikia majina yao ya mvua, ya njaa na ya safari. Kwetu mtoto hupewa jina la jambo lililokuwapo siku anazaliwa. Babu alikuwa akifanya kazi huko Geita, na siku alipozaliwa baba yangu, Mzungu mmoja mtafuta dhahabu alikuja akapiga hema karibu na nyumba yao. Mtoto akapewa jina la mgeni. Sisi tuliofuata tukalibeba.

Silitaji hapa, kwa sababu wenye jina hilo sasa ni wengi, na baadhi yao ni wakwe zangu.

Nilimaliza shule ya msingi nikakaa nyumbani, nikichunga na kulima. Sikuwa mtu wa maneno. Mgeni akifika nyumbani, nilikumbuka kwamba ng'ombe hawajanywa maji. Mwishowe baba akanipeleka kwa shangazi yangu aliyeolewa upande wa Ushirombo, nikalime pamba kwenye ardhi mpya. Nadhani alitumaini pia kwamba huko nitajifunza kusema.

Siku ya kwanza ya kuuza pamba tulikaa juu ya magunia yetu mbele ya ghala. Karani wa mizani akaita jina. Nikasimama. Upande wa pili wa uwanja msichana mmoja naye akasimama.

"Ni nani kati yenu?" karani akauliza.

"Mimi," yule msichana akasema, akaanza kuburuta gunia lake. Alipofika karibu yangu akanitazama. "Wewe umeliokota wapi jina letu?"

"Samuye," nikajibu.

"Kumbe huko huwa linaokotwa."

Watu wakacheka, na mimi nikaketi. Lakini tangu siku ile nilianza kupeleka pamba ghalani kidogo kidogo. Shangazi alinivumilia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ni pamba gani hiyo inauzwa kwa kikapu? Au kuna kitu kingine unachokipima?"

Nikamwambia. Ilinichukua muda, lakini nilimwambia. Shangazi akafurahi, akamtuma mume wake awe mshenga.

Mshenga alirudi akiwa ameshika kofia mkononi. Wazazi wa msichana hawakuwa na neno baya juu yangu. Aliyekataa alikuwa babu yake. Mzee yule alisema kwamba yeye na yule Mzungu wa Ayalandi walichanjiana damu, wakawa ndugu, ndiyo sababu mtoto wake alipewa jina lile. Na alikuwa amesikia kwamba babu yangu naye alichanjiana damu na Mzungu huyo huyo.

"Amesikia kwa nani?" nikauliza.

Shangazi akatazama chini. Alikuwa amelitangaza jambo hilo kijiji kizima tangu alipoolewa. Na kwetu lilikuwa fahari kubwa. Babu alipokuwa hai alikuwa akikunja shati kutuonyesha kovu la mkononi.

Sasa fahari hiyo ikageuka ukuta. Watu waliochanjiana damu ni ndugu kabisa, na wajukuu wao hawaoani. Ikiwa babu zetu wote wawili walikuwa ndugu wa Mzungu yule, basi walikuwa ndugu wenyewe kwa wenyewe. Mimi na yule msichana tukawa kaka na dada kupitia mtu ambaye hakujua kama tumezaliwa.

Watani wetu pale kijijini hawakuniacha. "Shikamoo, Mzungu," waliniambia kisimani. "Mbona jua halikuunguzi? Harusi itakuwa Ulaya?"

Shangazi, aliyejiona ndiye aliyeharibu, akanichukua hadi zahanati ya misheni. Pale alikuwapo Sista mmoja muuguzi, mama mtu mzima, naye alikuwa Mwayalandi. Alikuwa akichemsha sindano. Shangazi akamwamkia, akamtajia jina letu, akamuuliza ukoo huo ni wa watu gani na ulifikaje huku.

Sista alicheka kwanza. Alisema jina hilo kwa lugha yao ya zamani lina maana ya mjukuu wa mtu fulani, mtu wa kale sana ambaye hakuna anayejua kaburi lake. Wajukuu wake walikuwa wafugaji. Utajiri wao ulikuwa ng'ombe, mahari yao ng'ombe, na vita vyao vingi vilikuwa vya kuibiana ng'ombe.

"Kumbe ni Wasukuma," shangazi akasema.

Baadaye, akaendelea Sista, ardhi nzuri ilichukuliwa na wenye nguvu, na watu wakabaki na mashamba madogo wakila viazi tu. Viazi vikaoza shambani. Njaa ikawa kubwa, watu wakafa, waliobaki wakapanda meli. Wengine walikwenda Amerika, wengine Australia kuchimba dhahabu, na yule wa Geita pengine alikuwa mtoto au mjukuu wa hao.

Shangazi alikuwa amekunja uso kwa huruma. "Lakini, Sista, kwa nini hawakukausha michembe? Viazi ukivikata ukavianika juani, unakula mpaka masika."

"Viazi vyao ni vile vya mviringo, mama. Halafu kwetu jua halipo."

"Pole," shangazi akasema, na alisema kweli.

Kisha akauliza lile lililotupeleka. Je, huko kwao wenye jina hili huoana? Sista akajibu kwamba jina hilo limejaa kama nyasi. Kijijini kwao nyumba jirani zilikuwa nalo bila undugu wowote, hata watu wakapeana majina ya utani ili barua zisipotee. Mama yake mdogo alikuwa nalo, akaolewa na mtu aliye nalo pia. "Hakusumbuka kujifunza jina jipya," Sista akasema.

Tulirudi nyumbani kwa mwendo wa haraka. Baba akaitwa kutoka Samuye. Alipanda lori hadi Isaka, akaunganisha Kahama, akafika akiwa mweupe kwa vumbi. Watani wakasema sasa kweli Mzungu amekuja.

Tukaenda kwa wakwe. Babu wa msichana alikuwa mzee mrefu, mwenye kopo la ugoro. Alisikiliza habari zote za Ayalandi kwa makini, akapenda sana sehemu ya ng'ombe, akaomba irudiwe. Kisha akasema, "Hao wanaooana kwao wana jina moja tu. Sisi tunazungumza habari ya damu. Damu nikiichezea nitawaambia nini waliotangulia?"

Baba yangu akajikung'uta vumbi magotini. Mshenga akaichukua kofia yake. Niliona jambo limekwisha, nikaanza kufikiria safari ya kurudi Samuye na baba.

Ndipo msichana akaingia na maji ya kunawa. Akapiga magoti mbele ya babu yake, na badala ya kuinuka akakaa hapo hapo.

"Babu," akasema polepole, "mimi sina haraka. Nitakaa hapa nikupikie uji mpaka nizeeke. Nitakuwa nimekaa hapo mlangoni, na kila mgeni akija utamweleza habari ya damu yako na Mzungu. Ila kama kuna sehemu umeisahau, leo ndiyo siku ya kuikumbuka."

Mzee akafungua kopo lake. Akachukua ugoro, akapiga chafya.

"Yule Mzungu," akasema, "mimi sikupata kumgusa hata mkono."

Akalifunga kopo, akaendelea.

"Alipita hapa na mkokoteni. Alipoondoka, aliniachia maksai mmoja aliyechechemea. Watu walimwita maksai kwa jina la bwana wake, yule Mzungu. Nikamtunza, akapona, akanilimia shamba langu la kwanza. Wakati bibi yenu alipoelemewa na uchungu, ni maksai huyo aliyevuta mkokoteni kwenda misheni. Mtoto akazaliwa njiani, humo humo. Ningempa jina la nani?"

Baba wa msichana, ambaye ndiye aliyekuwa mtoto huyo, akainua kichwa. "Baba, kwa hiyo mimi nimeitwa jina la ng'ombe?"

"La maksai aliyekuokoa," mzee akamjibu. "Mzungu hakumsaidia mtu yeyote."

"Na ile damu?"

"Watu waliuliza jina limetoka wapi. Ungependa niwaambie maksai?"

Alianza baba yangu kucheka. Alicheka mpaka vumbi likamtoka kwenye nywele, kisha akafuta macho. "Mzee wangu, nisamehe," akasema. "Na sisi kwetu tusikuache peke yako. Marehemu baba alikuwa akimchotea maji yule Mzungu. Lile kovu ni la pembe ya fahali."

Shangazi akafunika uso kwa kanga.

Mambo ya ng'ombe wa mahari yalikwenda kwa amani siku hiyo hiyo. Mzee aliomba kitu kimoja tu, kwamba miongoni mwao awepo maksai, hata kama anachechemea kidogo. Baba akamletea mzima, mwenye mabaka meusi, na mzee akampa lile jina. Tangu hapo hakumficha mgeni yeyote asili ya jina la ukoo wake. Aliwapeleka zizini kuwaonyesha.

Siku ya harusi Sista alikuja, akapelekwa zizini naye. Akaegemea miti ya zizi, akaliita jina kama linavyoitwa kwao. Maksai akaendelea kula majani. Mzee akamwambia, "Subiri, Sista," akaliita kwa namna yetu.

Maksai akageuka. Baba mkwe, aliyekuwa akipita na kiti kichwani, naye akageuka. Nami nilikuwa karibu na mke wangu, tukageuka wote wawili.