Ini la Fahali na Debe la Mafuta ya Taa

Nilipokuwa mchunga ndama nilimkamata kirukanjia, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, nikamfungia ndani ya kibuyu. Kesho yake amekufa njaa. Mbwa wetu naye alikuwa hajala tangu juzi, na bado anabweka! Nikamuuliza baba sababu, akanifokea niende malishoni.

Jibu nililipata Shinyanga, kwenye maabara ya mifugo, miaka ile ya hamsini tukiwa bado chini ya Waingereza. Siku ya kwanza mkuu wangu, Mwingereza tuliyemwita Bwana Mtafiti, alinipa kisu na ndoo ya barafu. Kazi yangu kuchinja, kutoa ini likiwa na joto, kulitia kwenye barafu, kisha kulisaga. Leo panya, kesho sungura, keshokutwa mbuzi. Ini lina chachu zake, ninyi siku hizi mnaziita vimeng'enya, ndizo zinazofanya kazi humo ndani. Ini la kila mnyama tulilipima uzito uleule, tukalitia kwenye chupa yenye mrija, maji yakapanda mrijani kadiri ini lilivyovuta hewa. Ya panya yalipanda mbio. Ya mbuzi yalijivuta.

"Mnyama mdogo, moto mkali; chakula chake huungua upesi," akasema Bwana Mtafiti. Nikamkumbuka kirukanjia wangu. Kazi ile niliipenda, nisiwadanganye.

Ikafika zamu ya fahali, na mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Watu walichemsha majani. Wenzangu wakaenda kuufukia mzoga, Bwana Mtafiti akakata kipande cha ini kama ukucha, akaniambia, "Masanja, chukua debe la mafuta ya taa, limwagie lililobaki, ufukie. Nyama ya maabara hailiwi."

"Fahali alikuwa mzima, Bwana. Tumempima wenyewe."

"Amri ni amri."

Nje ya uzio alisimama jirani yangu, Mama Kulwa, na watoto wake. Akaniita, "Ng'wanawane, mwanangu, hilo shimo lina njaa kutuzidi sisi?"

Nikamgeukia Bwana Mtafiti. "Panya tulimsaga ini zima. Huyu umechukua ukucha. Lililobaki si la kazi yako."

"Ukitoka nalo, usirudi."

Watu huniuliza kama najuta, maana wenzangu walistaafu na pensheni. Nijute nini? Watoto wa Mama Kulwa ni wazee sasa, waulizeni wao. Debe nililiweka chini. Ini nikalitia begani, damu ikanichuruzikia shati lote, nikapita getini, nikampa Mama Kulwa. Sikungoja asante. Nikashika njia ya Geita kutafuta kazi machimboni, na lile geti sikulikanyaga tena.